Jina la tovuti hukodishwa, halinunuliwi

Kikundi cha wakulima wa kahawa kinachotafuta soko la nje hutumia fedha nyingi kutengeneza tovuti, kuchapisha kadi na kubandika nembo kwenye mifuko. Kote huko huandikwa anwani moja. Siku anwani hiyo ikiisha muda bila kulipiwa, mnunuzi akiifungua hakuti kitu, na barua pepe anayotuma kuulizia bei haifiki. Naye hatasubiri, atanunua kwingine.

Wengi hufikwa na hali hiyo kwa kudhani kwamba jina la tovuti likishalipiwa ni mali yao, kama kiwanja. Ukweli ni kwamba hukodishwa. Majina yanayoishia na .com, kwa mfano, hukodishwa kwa mwaka mmoja hadi miaka 10, kisha hulipiwa upya.

Hata wakubwa huteleza. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisahau kulipia jina la passport.com, na watumiaji wa barua pepe za Hotmail wakapata usumbufu. Aliyeliokoa ni mtaalamu wa kompyuta ambaye hakuwa mwajiriwa wake, aliyelipa dola 35 za mfukoni mwake. Kikundi cha wakulima kisitarajie bahati hiyo.

Kwa jina la .com, muda ukiisha wakala wa usajili anaweza kutoa hadi siku 45 za kulipia, ingawa halazimiki. Jina likishafutwa huja siku 30 za kulikomboa, na hapo ndipo gharama hupaa: ada ya mwaka ya dola 10 hadi 20 huongezewa ada ya ukombozi ambayo mara nyingi huvuka dola 80. Zikipita hizo, baada ya siku tano jina huachiwa yeyote. Wapo wanaoyavizia majina ya aina hiyo ili wayauze kwa bei wanayotaka. Anayelichukua anaweza pia kupokea barua pepe za wateja, pamoja na ankara zao. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA peke yake hakimzuii.

Je, ada hiyo kubwa ni halali? Kanuni za kimataifa za mwaka 2013 zinamtaka wakala wa majina kama .com aweke wazi ada hizo, na atume taarifa mwezi mmoja na wiki moja hivi kabla ya muda kuisha. Tatizo ni kwamba taarifa hizo mara nyingi humfikia kijana aliyetengeneza tovuti, ambaye amesajili jina kwa anwani yake na pengine alishahama mji.

Kwa hiyo dawa iko mikononi mwa vikundi vyenyewe. Jina lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la fundi. Nywila zihifadhiwe na katibu pamoja na mwenyekiti. Barua pepe ya kupokea taarifa isitegemee jina hilohilo, maana likizimika nayo huzimika. Mweka hazina aingize ada hiyo kwenye bajeti pamoja na leseni, na uwezo ukiwepo ilipwe ya miaka kadhaa. Wenye majina ya .co.tz wamuulize wakala wao masharti yake mapema, kwani huenda yakatofautiana na haya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe hapa ni dola zisizofika 20 kwa mwaka.