Treni ya Guangzhou na safari ndefu ya kurudi Busiu

Mfanyabiashara wa Kiafrika anayetua katika uwanja wa ndege wa Baiyun, mjini Guangzhou kusini mwa China, halazimiki kubishana bei na dereva yeyote. Huteremka chini ya jengo la abiria, hupitisha mizigo yake kwenye mashine ya ukaguzi, hulipa nauli isiyofika yuan 10 na kupanda treni ya Mstari wa 3. Hubadilisha treni njiani, na pasipo kukutana na msongamano wa magari hufika Xiaobei, mtaa ambao kwa miaka mingi umekuwa makutano ya wanunuzi kutoka Afrika.

Kurudi nyumbani ni habari nyingine. Mkaazi wa Busiu, mji mdogo ulio kati ya Tororo na Mbale mashariki mwa Uganda, hutua Entebbe, takriban kilomita 40 kutoka Kampala. Treni hakuna. Atakodi gari, au atapanda basi dogo ambalo Waganda huliita teksi, hadi katikati ya mji mkuu. Hapo hutafuta gari jingine la kuelekea mashariki, huvuka Mto Nile pale Jinja, na bado ana mwendo mrefu mbele yake. Safari hiyo ya nchi kavu inapita kilomita 200, na mizigo ni ile ile.

Wapo watakaosema tofauti hii ni ya utajiri tu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Guangzhou yenyewe haikuwa na treni ya chini ya ardhi hadi mwaka 1997, na reli ilifika uwanja wa ndege mwaka 2010, muda mfupi kabla ya mji huo kuandaa Michezo ya Asia. Jambo la kuzingatia ni nani anayeipanda. Mstari wa 3 hujaa wafanyakazi na wanafunzi kila asubuhi. Uwanja wa ndege ni mwisho mmoja tu wa njia yao, na msafiri mwenye masanduku ni mgeni katika treni ya wenyeji. Ndiyo maana nauli yake ni ndogo. Beijing ilifuata njia tofauti: mwaka 2008 ilizindua treni maalumu ya uwanja wa ndege, na nauli yake ni yuan 25.

Uganda nayo ilikwenda kukopa China, ila ilichagua barabara. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, yenye urefu wa kilomita 51, ilijengwa na kampuni ya China ya CCCC kwa dola milioni 476, na dola milioni 350 kati ya hizo ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ilifunguliwa mwaka 2018, na tangu Januari 2022 hutozwa ada. Gari dogo lilianza kwa kulipa shilingi 5,000 kwa safari moja. Mwenye gari amepunguziwa adha, hilo halina ubishi. Lakini deni hulipwa na walipa kodi wote, akiwemo mkulima wa Busiu ambaye huenda asiikanyage barabara hiyo maishani.

Hata hivyo, treni si dawa ya kila kitu. Addis Ababa ilipata treni yake ya mjini mwaka 2015, pia kwa mkopo na mafundi wa China. Haikufika uwanja wa ndege wa Bole, na haukupita muda mrefu kabla ya sehemu kubwa ya treni zake kusimama kwa kukosa vipuri.

Kwa watu wa mashariki mwa Uganda, basi, suala lenye uzito si Entebbe pekee. Kazi ya kufufua reli ya zamani ya Tororo–Gulu, yenye zaidi ya kilomita 370 na inayopita Mbale, ilikabidhiwa kampuni ya China ya CRBC kwa fedha za serikali ya Uganda yenyewe. Reli mpya ya kisasa ya Malaba–Kampala, baada ya mpango wa kuijenga kwa fedha za China kukwama, ilipewa kampuni ya Uturuki ya Yapi Merkezi Oktoba 2024. Katika miradi hii miwili, hoja inayotangulia ni mizigo.

Mizigo ndiyo inayoleta mapato, na serikali haikosei kuanza nayo. Lakini mabehewa machache ya abiria, asubuhi na jioni kati ya Tororo na Mbale, hayahitaji handaki wala mkopo mpya wa mamia ya mamilioni. Yanahitaji vituo, ratiba inayoheshimiwa na nauli ambayo mwanafunzi ataimudu. Treni za abiria nchini Uganda zilisimama mwishoni mwa miaka ya 1990; kampuni ya Rift Valley Railways ilizirejesha kati ya Kampala na Namanve Desemba 2015, kwa ajili ya watu waendao kazini. Mashariki bado wanasubiri zamu yao.