Mwenye Kuikimbia Hukumu Aende Wapi?

Mwandishi aliyedai kwamba unabii wa Amosi, kwa kuwa unamfungia mkosaji kila mlango, humkatisha tamaa ya kutubu, ameisoma sura ya 9 akaisahau ya 5. Ni kweli kwamba nabii yule, mchungaji wa Tekoa aliyewahutubia Waisraeli katika karne ya 8 kabla ya Kristo, aliwaonya kuwa kilele cha Karmeli hakitamsitiri mtu, wala vilindi vya bahari. Lakini ndiye huyo huyo aliyewaamrisha wamtafute Mungu wapate kuishi, na wasimamishe haki langoni, pale pale walipokuwa wakila rushwa na kumdhulumu maskini. Kilichobatilishwa, basi, ni hila ya miguu, toba haikuguswa.

Na mwandishi huyo atazame yaliyomfika Sedekia, mfalme wa Yuda. Yeremia alimnasihi ajisalimishe kwa Wababeli, apate kunusurika yeye na nyumba yake, na mji usiteketezwe. Naye, akiwahofu watu kuliko kumcha Mola wake, akakataa, hata ukuta ulipobomolewa akatoroka usiku kwa njia ya bustani ya mfalme, akakamatwa katika nyanda za Yeriko, na wanawe wakauawa mbele ya macho yake kabla hayajapofushwa.

Kusema kwamba Mungu alimnyima njia ni kumsingizia. Njia alionyeshwa waziwazi; alichokosa ni utiifu, nao ndio tunaopungukiwa sisi tunaotafuta maficho badala ya kurudisha tulichodhulumu.