Ndugu aliye Kanada asihukumiwe kwa video ya theluji

Mtaani Ndosho, Goma, simu moja inazunguka mikononi mwa watu kumi. Ndani yake kuna kijana wa familia aliyefika Winnipeg, Kanada. Amevaa koti kubwa, theluji imemfika magotini, na anacheza rumba kwa nusu dakika huku akicheka. Watoto wanauliza kama ile nyeupe ni chumvi ao ni unga. Watu wazima hawaulizi kitu. Wanasema tu: "Huyu alishapona."

Siku mbili baadaye ujumbe unaondoka Goma: pesa ya nyumba, pesa ya masomo, dawa ya bibi. Jibu linakawia. Linapokuja ni dogo, ao ni ombi la kungoja hadi mwezi ujao. Hapo neno linabadilika mtaani. Yule aliyepona sasa anaitwa mwenye kusahau kwao.

Neno hilo linavunja familia nyingi kila mwaka kati ya Desemba na Machi, na mara nyingi si la haki.

Miezi hiyo Winnipeg si baridi ya Goma wakati mvua imenyesha na mtu anatafuta kitenge cha kujifunika. Januari, usiku, baridi hushuka kwa kawaida hadi digrii 20 chini ya sifuri, na siku za upepo mtu huisikia kama digrii 40 chini. Ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika chache. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu. Mtu anaenda kazini katika giza na kurudi katika giza. Kwa yule aliyekulia Masisi ao Rutshuru, ambako jua linatoka saa kumi na mbili na kuingia saa kumi na mbili mwaka mzima, jambo hilo pekee linachosha roho kuliko baridi yenyewe. Magari huachwa usiku yakiwa yamechomekwa kwenye umeme ili injini isigande. Hata simu hushindwa: betri ikikaa kwenye baridi kali, simu inazimika yenyewe ingawa bado ina moto. Mama aliye Goma anaona mazungumzo yamekatika, anasema mtoto amemkatia kusudi. Mtoto amesimama kituo cha basi, simu imekufa mfukoni.

Halafu kuna pesa. Wakimbizi wengi wanaopelekwa Kanada na serikali hupata msaada wa kuishi kwa muda usiozidi mwaka mmoja kwa kawaida, na baada ya hapo lazima wajitegemee. Jambo ambalo familia nyingi hapa hazilijui ni kwamba wengi wao hufika na deni. Tiketi ya ndege ni mkopo. Serikali ya Kanada iliondoa riba juu ya mikopo hiyo mwaka 2018, lakini deni lenyewe linabaki, na linalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Ongeza koti, viatu vya theluji na glovu za watoto wanne. Ongeza kwamba kazi za nje, kama kujenga na kulima, hupungua sana ao husimama barafu inapofunga udongo. Kwa hiyo Januari, wakati watoto wa Goma wanarudi masomoni baada ya likizo ya Noeli na shule ya sekondari inadai pesa, ndiyo Januari ambayo mfuko wa Winnipeg uko mwepesi kuliko miezi yote. Maombi yanaongezeka wakati uwezo unapungua.

Si kwamba familia za hapa zinakosea kuomba. Tangu mabenki yalipofunga milango Goma mwanzoni mwa 2025, na kambi kama Bulengo zilipobomolewa, jamaa nyingi hazina njia nyingine ya kuendelea isipokuwa pesa ya simu. Aliyetoka kambini na kurudi kijijini akakuta nyumba haina mabati, huyo hawezi kuambiwa anyamaze. Anayesikia njaa ana haki ya kusema. Kosa liko katika kusoma maisha ya mtu kwa video ya nusu dakika.

Na walio kule wana sehemu yao ya kosa, tena kubwa. Nani anayetuma video ya theluji na rumba? Ni wao. Hawatumi video ya kufagia ofisi saa nane za usiku, wala ya kusimama katika kiwanda cha nyama ambako ndani pia ni baridi. Wanaona haya. Wengine wanaogopa mama atalia. Matokeo yake mama anaona dansa tu, na anahesabu kwa dansa. Mazungumzo ya kweli yanakuwa kama haya:

"Mama, huku baridi inapita kiasi."

"Baridi haiue mutu, papa. Watoto wamefukuzwa ku masomo."

Hakuna hata mmoja anayesema uongo hapo, lakini hakuna anayemsikia mwenzake.

Kuna pia wale wanaokasirika kwa sababu nyingine: kwa nini acheze muziki wakati nyumbani watu wanateseka? Hapo hasira inakosa njia kabisa. Katika nchi ya giza la saa kumi na nusu, muziki na filamu ndivyo vinavyomtoa mtu kitandani. Wakanada wenyewe wanajua hivyo. Wimbo wa Gilles Vigneault uitwao "Mon pays", ambao watu wa Québec wanaushika karibu kama wimbo wa taifa, unahusu majira ya baridi, na ulitungwa kwa ajili ya filamu. Maktaba za miji kule huazimisha filamu bila malipo, na mama mgeni asiyejua lugha huwapeleka watoto huko Jumamosi kwa sababu ndani kuna joto. Wengi wamejifunza maneno yao ya kwanza ya lugha ya nchi kwenye filamu za katuni, wakikaa chini na watoto wao. Makanisani, kwaya za Kiswahili na Kilingala hujaza viti hata siku ambayo barabara ni kioo.

Tena si jambo la kupoteza wakati tu. Pierre Kwenders, mzaliwa wa Kinshasa aliyehamia Kanada akiwa kijana, alishinda mwaka 2022 tuzo ya Polaris, ambayo ni kati ya tuzo kubwa za muziki kule, na anaimba pia kwa Kilingala. Miaka kumi kabla yake, filamu ya Kanada iitwayo "Rebelle", iliyopigwa Kongo na kuhusu mtoto wa kike aliyelazimishwa kubeba silaha, ilimpatia Rachel Mwanza, msichana aliyewahi kuishi barabarani Kinshasa, tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Berlin. Lakini filamu hiyo inaonyesha pia upande wa pili wa tatizo. Jirani wa Winnipeg akiwa ameona Kongo kupitia filamu za vita tu, anamhurumia Mkongomani kabla ya kumsalimia. Na kijana akifungua simu yake usiku anakuta picha za Kivu ambazo ni moshi na watu wenye magodoro vichwani. Naye anadanganywa na picha, kama mama yake. Hajui kwamba Jumapili iliyopita shangazi aliolesha binti yake, na watu walicheza hadi asubuhi.

Hilo ndilo wanalolikosa kule wakati wa baridi. Hawahitaji tu kuambiwa nani mgonjwa. Wanataka kusikia nani ameoa, mbuzi wa nani ameingia shamba la nani, kwaya inajifunza wimbo gani. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili, watoto wakiimba karibu na mbabula, unakula mega kidogo sana. Familia inayotuma sauti ya namna hiyo wiki tatu, kisha wiki ya nne ikasema pesa ya masomo imekosekana, haitasikiwa sawa na ile ambayo jina lake likitokea kwenye simu linamaanisha deni tu.

Kwa upande wa kule, kijana amwambie mama kiasi anachopata, anacholipa kwa nyumba, na tiketi ambayo bado hajaimaliza. Amtumie pia picha ya kituo cha basi gizani. Mama aliyevuka Sake kwa miguu na mtoto mgongoni hatazimia kwa kusikia hesabu.

Na anayepiga kutoka Goma akumbuke saa: saa mbili za usiku hapa ni saa sita mchana Winnipeg wakati wa baridi. Ndiyo saa ambayo wengi wako kwenye mapumziko ya kazi, ndani, na simu ina joto.