Mama, Sikiliza Kwanza

Wapendwa akina mama, mwezi huu tunaomba mtuvumilie. Mmezoea kutukuta hapa tukizungumzia uji wa watoto, ada za shule na namna ya kukaa vizuri na mawifi. Leo tunazungumzia muziki wa roki. Ndiyo, ule ule wenye magita ya umeme yanayonguruma kama karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Tumesikiliza albamu sita za kundi la Queen la Uingereza, na maoni yetu tunayo.

Sababu ni kijana wetu wa miaka 18. Wakati wa mvua, duara moja la wachimbaji wadogo lilititia, na rafiki yake akafukiwa na kifusi. Tangu siku ya mazishi kijana wetu aliacha kuzungumza. Chakula alikigusa tu. Kutwa nzima alikuwa amelala chali, hedifoni masikioni. Sisi wa Katoro hatuogopi kelele, maana sabufa za madukani zinashindana tangu asubuhi hadi usiku. Lakini muziki wa mtu aliyejifungia ndani unatisha. Siku moja tulimfokea azime makelele hayo ya shetani. Hakutujibu kwa ukali. Alivua hedifoni, akatukabidhi kwa mikono miwili, akasema: "Mama, sikiliza kwanza."

Tuliona aibu, kwa kuwa ni kweli hatukuwa tumesikiliza. Basi kwa wiki mbili, kila jioni tukichambua mchele, kispika kidogo kilikuwa katikati yetu, naye akitufafanulia Kiingereza kilichotushinda.

Jambo la kwanza lilitushangaza. Mwimbaji wa kundi hilo, Freddie Mercury, alizaliwa hapa hapa nchini kwetu, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946. Jina lake lilikuwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, wa dini ya Zoroasta. Alipelekwa shule ya bweni India akiwa mdogo, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza.

Sasa maoni yetu. Albamu ya kwanza, iliyoitwa Queen, ya mwaka 1973, ina makelele mengi. Hata hivyo ndani yake mna wimbo wa Mercury unaoitwa "Jesus", unaosimulia habari za Bwana na mkoma. Sisi tuliokuwa tumesema ni muziki wa shetani tuliinamisha vichwa juu ya ungo.

Queen II ya mwaka 1974 ilitupa kazi. Santuri yake ilikuwa na upande mweupe na upande mweusi badala ya wa kwanza na wa pili. Nyimbo zinageuka geuka katikati, sauti zinapandana kama kwaya nne zinazoimba kwa pamoja. Kijana wetu anaipenda kuliko zote. Sisi tunasema inachosha, kama mgeni mwenye hadithi nzuri asiyejua kuaga.

Albamu ya mwaka 1975, A Night at the Opera, ndiyo iliyotukamata. Mpiga gita Brian May aliota ndoto ya gharika kuu, akaitungia wimbo wa zaidi ya dakika nane. Vilevile aliandika wimbo mfupi uitwao "'39", juu ya wasafiri wa angani wanaoondoka kwa mwaka mmoja, kumbe nyumbani imepita miaka mia. Wake wa wachimbaji watauelewa huo upesi. Mume husema anakwenda machimbo kwa mwezi mmoja, na akirudi, mtoto aliyemwacha akitambaa anamwita mjomba. Na ninyi wenye vijana, wakumbusheni kwamba Brian May aliacha masomo kwa ajili ya muziki, akayarudia uzeeni, na mwaka 2007 akapata shahada ya udaktari katika elimu ya nyota. Shule haikimbii.

Hot Space ya mwaka 1982 hatukuipenda. Ni muziki wa disko, na kwa disko sabufa za sokoni zinatutosha. Kwa hilo mama na mwana tulikubaliana, tukacheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Lakini turudi nyuma kidogo. Ule wimbo mrefu wa mwaka 1975, "Bohemian Rhapsody", ndio uliofungua mlango. Ni wa dakika karibu sita, na ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Ndani yake kijana anamwambia mama yake kwamba ameua mtu. Tulipofika hapo, mwanetu alikizima kispika. Akasema polepole kwamba ni yeye aliyemwelekeza rafiki yake kwenye lile duara. Alisikia linatoa, akamwambia aende akajaribu bahati. "Mama, ni mimi niliyemwua."

Wapendwa, miezi miwili mtoto alikuwa amebeba mzigo huo ndani ya nyumba yetu, nasi tulikuwa tunahesabu tonge alizobakiza.

Hatukumhubiria. Tulilia naye kwanza. Kisha tulimwambia kwamba kumwonyesha mtu kazi si kumwua, na kwamba mvua na udongo havikumwuliza yeye. Jumamosi tulikwenda naye kwa mama wa marehemu, akaeleza yote. Mama yule alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe alimvutia kigoda, akamwuliza kama amekula.

Tulimalizia albamu mbili za mwisho. Innuendo ilitoka Februari 1991, na kwetu ndiyo bora kuliko zote. Mwimbaji alikuwa mgonjwa sana, lakini sauti yake haiombi huruma. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo kwa ugonjwa uliotokana na UKIMWI, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu hali yake. Mwanzoni tulitaka kusema yale yanayosemwa kwenye misiba. Kisha tukawakumbuka wale tuliowazika sisi wenyewe katika miaka ile, wengine wakiwa wamefichwa chumba cha nyuma kwa sababu ya midomo yetu. Tukanyamaza.

Made in Heaven ya mwaka 1995 wenzake waliikamilisha baada ya kifo chake. Ina nyimbo ambazo tungeziacha. Lakini mmoja unaitwa "Mother Love", nao ndio wa mwisho kurekodiwa kwa sauti yake, Mei 1991. Hakuweza kurudi kuumaliza, na ubeti wa mwisho aliuimba Brian May. Mtu aliyejaza viwanja vya mpira, karibu na mwisho wake alikuwa akiimba juu ya pendo la mama. Mama yake mzazi aliishi hadi mwaka 2016.

Hatusemi kila muziki ni mwema. Ipo nyimbo ya kumkatalia mtoto, na mzazi asione haya kukataa. Tunachosema ni kwamba Sauli alituliza moyo wake kwa kinubi cha Daudi, na watoto wetu nao wana vinubi vyao, hata kama vina umeme. Kabla ya kunyang'anya simu, mama, vuta kigoda. Uliza wimbo huo unasema nini. Pengine mtoto anaimbiwa jambo ambalo ameshindwa kukuambia.

Kijana wetu sasa anakula. Jioni bado anawasha kispika chake, nasi tunapepeta. Queen II bado hatuipendi.

Hadi mwezi ujao, kaeni kwa amani.