Dhahabu ikiisha, mji utakula nini?

Ukiona picha za Central Otago, kusini mwa New Zealand, utadhani pamekuwa pa starehe tangu jadi: watu kwenye baiskeli, milima kando, mizabibu bondeni. Kumbe palikuwa mahali pa sulubu.

Mei 1861, Gabriel Read alipata dhahabu kwenye bonde moja la Otago. Maelfu wakamiminika. Dunedin, mji mkuu wa eneo hilo, ulitajirika hata 1869 ukapata chuo kikuu cha kwanza nchini humo. Kisha dhahabu rahisi ikaisha na wengi wakahama. Wachina walioalikwa kuchimba mabaki walibaguliwa, na kuanzia 1881 Mchina alitozwa kodi maalum kuingia New Zealand. Serikali iliomba radhi 2002.

Ardhi nayo iliumia. Huko Bannockburn, vilima vilibomolewa kwa nguvu za maji, na makovu yapo hadi leo. Mashamba ya zabibu yaliyo jirani, yanayotoa mvinyo wa Pinot Noir unaosifika duniani, yalishika kasi tangu miaka ya 1990, zaidi ya karne moja baadaye.

Lakini kinachotuvutia zaidi ni ile reli. Ilipofungwa 1990 kati ya Middlemarch na Clyde, vyuma viling'olewa, madaraja na mahandaki yakabaki. Wenyeji hawakukaa kulia. Kufikia 2000, ikawa njia ya baiskeli ya kilomita 152. Na kwa sababu treni haipandi mlima mkali, hata wewe ambaye mazoezi yako ni kukimbizana na matatu utaimudu. Wengi huichukua siku kadhaa, wakilala kijiji hadi kijiji. Pesa za mgeni zinamfikia mwenye chumba, mpishi na fundi wa baiskeli, si tajiri mmoja tu.

Sasa tujiulize sisi. Kakamega ilikuwa na mbio zake za dhahabu miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ukafungwa 1952. Hadi leo vijana wenzetu wa magharibi huingia mashimoni kila asubuhi, wengine bila hata kofia ya kinga, na kuna siku shimo linaporomoka.

Hatusemi tupande mizabibu Kakamega. Kila mahali pana riziki yake. Tunachosema ni kwamba mpango wa kesho huandikwa dhahabu ikiwa bado ipo. Anayepewa leseni aeleze nani atafukia mashimo. Kaunti itenge sehemu ya mapato kwa kazi zitakazobaki, na mashimo ya zamani yawe historia ya kuonyesha wageni, si makaburi.

Otago ilipoteza miaka mingi kabla ya kujipanga. Kijana anayechimba leo hana karne ya kusubiri.