Klorpirifosi: Geneva imekata, Wagenia inabaki na kazi

Mwezi wa 5 mwaka 2025, pale Geneva, nchi za Mkataba wa Stockholm, na Kongo yetu ikiwemo, ziliamua kuondoa klorpirifosi, dawa ya kuua vidudu na utitiri wa mimea. Ulaya iliikataza tangu 2020. Lakini mkataba uliacha ruhusa za muda kwa kazi fulani, kwa hiyo ile dawa haitapotea mara moja.

Inahusu nini wavuvi wa Wagenia, Kisangani? Dawa hii inavuruga mishipa ya fahamu na haichagui: inaua kidudu, inaua na samaki. Kikapu cha Wagenia kinakamata samaki anayeingia tu. Dawa ikimwagika mtoni, inaua hata samaki wadogo na vidudu wanavyokula. Leo unaokota wengi, kesho kikapu kinapanda bure.

Basi tuanze na kile kiko mikononi mwetu: tusioshe bidoni wala pompi mtoni, tusinunue dawa isiyo na etiketi. Mtu akigusa dawa, kisha akatoka mate na jasho mingi, akatetemeka, apelekwe mbio kituo cha afya.