Barua ya wazi kwa ADAK: Saini ya fomu ya gofu na dawa iliyo mfukoni

KWA: Wakala wa Kukabiliana na Matumizi ya Dawa za Kusisimua Misuli Kenya (ADAK)

NAKALA: Viongozi wa gofu nchini, manahodha wa vilabu na makatibu wa mashindano

KUHUSU: Masharti ya kuingia mashindano ya gofu na elimu ya dawa zilizopigwa marufuku

Mchezaji wa gofu anapojiandikisha kwa mashindano, saini yake moja hukubali mambo mawili. La kwanza ni masharti ya kuingia: nani anaruhusiwa kucheza, kwa handikapu gani, kwa ada gani na hadi tarehe gani. La pili ni kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli. La kwanza hubandikwa kwenye ubao wa klabu na kujadiliwa hadi likaeleweka. La pili mara nyingi hubebwa na sentensi moja chini ya fomu, ilhali ndilo linaloweza kumweka mtu nje ya michezo yote kwa miaka mingi. Barua hii inaeleza yote mawili kwa mpangilio, kisha inapendekeza namna ya kuyaweka mbele ya mchezaji mapema, kwa Kiswahili.

Masharti ya kuingia huanzia kwenye handikapu. Tangu mfumo wa handikapu wa dunia uanze mwaka 2020, kiwango cha mchezaji hukokotolewa kwa njia moja, awe Nyali, Kampala au Edinburgh. Huchukuliwa raundi zake 20 za mwisho, zikachaguliwa 8 bora, na wastani wa hizo ndio unaompa handikapu, ambayo haiwezi kuzidi 54. Kila shindano huweka kikomo chake. US Open, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikipokea maombi zaidi ya 10,000 kwa nafasi 156, humtaka mchezaji wa ridhaa awe na handikapu isiyozidi 0.4. Mashindano ya Ridhaa ya Uingereza huchukua wachezaji 288, ambao hucheza raundi mbili za kuhesabu mikwaju kabla ya 64 bora na waliofungana nao kuingia hatua ya mtoano.

Sharti linalofuata ni hadhi ya mchezaji. Kanuni zilizoanza Januari 2022 zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea zawadi isiyozidi pauni 700 au dola 1,000. Fedha taslimu huruhusiwa tu pale shindano linapochezwa bila handikapu. Zawadi ya kutumbukiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja haina kikomo, na ndiyo maana gari la mfadhili linaweza kuegeshwa kando ya shimo fupi na mshindi wake akabaki mchezaji wa ridhaa. Juu ya hayo, Kanuni za Gofu zinaipa kamati uwezo wa kuweka masharti ya mashindano yake, na miongoni mwa masharti hayo ni sera ya dawa. Kwa hiyo sera hiyo ni sehemu ya mashindano yenyewe, sawa na muda wa kuanza, ambapo anayechelewa ndani ya dakika tano huongezewa mikwaju miwili na anayezidi hapo huondolewa.

Gofu ilichelewa kuingia katika mpango wa kupima dawa. PGA Tour ya Marekani ilianza kupima wachezaji wake mwaka 2008, na vipimo vya damu vikaongezwa mwaka 2017. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Olimpiki. Gofu ilirejea Rio mwaka 2016, miaka 112 baada ya kuchezwa mara ya mwisho, na Shirikisho la Kimataifa la Gofu likawa chini ya Kanuni ya Dunia inayosimamiwa na Wakala wa Dunia wa Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA). Mwaka huohuo wa 2016 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, na ADAK ikapata nguvu zake za kisheria. Watu wengi nchini huihusisha sheria hiyo na wakimbiaji. Lakini inawahusu wanamichezo wote, na kila anayecheza chini ya chama cha gofu cha taifa anaweza kuitwa kupimwa, hata kama hutembea mashimo 18 Jumamosi tu.

Msingi wa kanuni hizo ni mmoja: mchezaji anawajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Hapa ndipo wachezaji wa gofu wanapoteleza. Mchezo huu umejengwa juu ya uaminifu. Mchezaji akisogeza mpira wake kinyume cha kanuni, hujitoza adhabu mwenyewe hata kama hakuna aliyemwona. Aliyelelewa katika desturi hiyo huamini kwamba moyo safi unamtosha. Maabara haipimi moyo. Nia huja kuulizwa baadaye, wakati wa kuamua urefu wa adhabu.

Orodha ya dawa na mbinu zilizopigwa marufuku hutolewa upya kila mwaka na kuanza kutumika Januari 1. Ina sehemu tatu. Kuna vitu vinavyokatazwa wakati wote, kama vile steroidi za kujenga misuli, homoni za ukuaji na dawa za kukojosha, ambazo zinaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Kuna vinavyokatazwa wakati wa mashindano tu, kama bangi, vichangamshi na, tangu 2024, tramadoli. Tena kuna kundi la beta bloka, linalokatazwa katika michezo michache tu, na gofu ni mmojawapo, wakati wa mashindano. Sababu iko kwenye grini. Mchezaji anayehitaji kupiga mpira wa hatua mbili ili ashinde huhisi moyo ukidunda hadi viganjani. Beta bloka hupunguza mapigo ya moyo na kutuliza mtetemo wa mikono, na katika mchezo unaoamuliwa na mkwaju mmoja mdogo, hiyo ni faida. Kipindi cha mashindano nacho huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani: saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya kucheza. Kidonge cha mafua chenye sudoefedrini kilichomezwa wakati wa kulala kinaweza kumfikisha mtu kwenye kipimo cha asubuhi kikiwa bado mwilini.

Hatari kubwa zaidi kwa vilabu vya Kenya haitoki kwa anayetafuta ujanja, inatoka kwenye dawa halali za hospitali. Gofu ni mchezo wa watu wazima kuliko michezo mingi, na umri huo ndio umri wa shinikizo la damu na kisukari. Mchukue mchezaji wa miaka 52 anayetumia atenololi: hiyo ni beta bloka. Mwenzake anatumia losartani, ambayo haimo kwenye orodha. Siku moja dukani anapewa boksi linalofanana kabisa na lile la zamani, isipokuwa kando ya jina la dawa pana herufi moja, H. Herufi hiyo inasimama kwa haidroklorothiazidi, dawa ya kukojosha iliyokatazwa wakati wote. Rangi ya boksi ni ileile, na pengine kidonge ni kimoja kwa siku vilevile, lakini mtu amevuka mpaka bila kujua. Amlodipini, dawa nyingine ya kawaida ya shinikizo, haikatazwi. Insulini inakatazwa wakati wote bila kibali. Mwenye pumu anaruhusiwa kuvuta salbutamoli, mradi asizidishe mikrogramu 1,600 kwa saa 24 wala 600 ndani ya saa 8. Kwa kuwa kila mbonyezo wa kawaida hutoa mikrogramu 100, kikomo cha saa 8 ni mibonyezo sita. Tangu 2022, sindano za kotikosteroidi, zikiwemo zile za kwenye goti au bega, zinakatazwa wakati wa mashindano, kwa hiyo anayedungwa wiki ya shindano anahitaji ushauri kwanza.

Mgonjwa hakatazwi kutibiwa. Kanuni zimeweka kibali cha kutumia dawa kwa sababu za matibabu. Daktari huthibitisha ugonjwa kwa vipimo, hueleza kwa nini dawa isiyokatazwa haifai, na jopo la madaktari huamua. Ombi linatakiwa kupelekwa angalau siku 30 kabla ya mashindano. Mchezaji wa burudani anaweza kuruhusiwa kuomba baada ya kupimwa, lakini anayecheza ngazi ya taifa au ya kimataifa hatakiwi kutegemea mlango huo. Hapa kuna pengo. Pale usajili unapofungwa wiki mbili au tatu kabla ya shindano, mchezaji anayekutana na sera ya dawa kwa mara ya kwanza kwenye fomu huwa tayari amechelewa. Wengine wakisikia habari hizi huacha dawa wenyewe. Kuacha beta bloka ghafla kunaweza kuleta madhara makubwa ya moyo, na hakuna kombe linalostahili hatari hiyo.

Siku ya kipimo yenyewe haina siri. Mchezaji akishasaini kadi ya alama, msindikizaji humfuata na kumjulisha kwamba ameteuliwa. Kuanzia hapo haondoki machoni pake. Katika chumba cha vipimo huchagua mwenyewe kikombe kilichofungwa, na hutoa mkojo usiopungua mililita 90 mbele ya shahidi wa jinsia yake. Huchagua pia boksi lenye chupa mbili za glasi, A na B, na kukagua kama namba zake zinalingana. Humimina mililita 30 kwenye chupa B, kisha 60 au zaidi kwenye chupa A, na kufunga vifuniko kwa mkono wake mwenyewe hadi visifunguke tena. Mwisho hujaza fomu, na humo huandika kila dawa na kirutubisho alichotumia siku saba zilizopita. Mtoto ana haki ya kuwa na mtu mzima wa kumwakilisha. Kila mchezaji anastahili kuzijua hatua hizi kabla hajakutana nazo akiwa amechoka, ana kiu na pengine ameshindwa.

Adhabu hutegemea kitu kilichopatikana na kiasi cha kosa. Matokeo ya shindano alilopimwa mchezaji hufutwa moja kwa moja. Kwa dawa kama beta bloka na zile za kukojosha, adhabu huanzia miaka miwili na inaweza kushuka hadi onyo kwa anayethibitisha kwamba hakuwa na kosa kubwa. Steroidi za kujenga misuli, au kukataa kutoa sampuli, huweza kuleta miaka minne. Gofu ya kulipwa tayari ina mifano. Mwaka 2009 Doug Barron alifungiwa mwaka mmoja na PGA Tour kwa testosteroni na propranololi, ambayo ni beta bloka, baada ya kunyimwa kibali ingawa dawa zilitoka kwa daktari. Mwaka 2015 Scott Stallings alifungiwa miezi mitatu kwa kirutubisho chenye DHEA, homoni iliyokatazwa, ingawa kipimo chake hakikuonyesha kitu na yeye mwenyewe ndiye aliyejiripoti. Mark Hensby alifungiwa mwaka mmoja mwaka 2017 kwa kuondoka uwanjani bila kutoa sampuli. PGA Tour hutumia mpango wake wenyewe. Chini ya Kanuni ya Dunia, kosa kama la Hensby lingeweza kumgharimu miaka minne.

Mambo haya hayako mbali na vijana wa Kenya. Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967 na ambayo gwiji wa gofu Seve Ballesteros aliwahi kuishinda, imo kwenye kalenda ya ngazi ya juu ya Ulaya tangu 2019, na wachezaji wa nyumbani hupata nafasi ndani yake. Tangu 2024, Mashindano ya Ridhaa ya Afrika yanayoandaliwa na The R&A, mojawapo ya vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu, humpa mshindi wake nafasi katika The Open, shindano kuu la gofu la Uingereza. Kijana anayeanza kwenye shindano la watoto la klabu anaweza kufika huko ndani ya miaka michache, akiwa amebeba mazoea aliyojifunza nyumbani.

Kwa hiyo ADAK, ikishirikiana na viongozi wa gofu, inaombwa kufanya mambo manne.

Kwanza, utengenezwe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaotaja kwa majina dawa za kawaida za shinikizo, kisukari, pumu, mafua na maumivu, ukionyesha zipi zimekatazwa na lini. Ukurasa huo utolewe pamoja na tangazo la shindano, si na fomu ya dakika za mwisho, angalau siku 45 kabla ya raundi ya kwanza.

Pili, mchezaji aelekezwe mahali pa kuuliza kwa faragha. Maradhi ya mtu si habari ya kuandikwa kwenye fomu inayopita mikononi mwa katibu wa klabu na wenzake. Fomu iulize tu kama ukurasa umesomwa. Jina la dawa libaki kati ya mchezaji, daktari wake na ADAK.

Tatu, mafunzo mafupi yatolewe kwa walimu wa gofu, manahodha na wafamasia wa maduka yaliyo jirani na vilabu. Mfamasia anayejua kwamba mteja wake hucheza mashindano atamwambia kuhusu ile herufi H kabla hajampa boksi.

Nne, mtoto anapojiandikisha, mzazi apewe ukurasa huohuo na asaini naye, kwa sababu yeye ndiye anayenunua dawa ya kikohozi.

Gharama ya haya ni karatasi na saa chache za mafunzo. Mchezaji atakayepata ukurasa huo siku 45 kabla ya shindano atakuwa na nafasi ya kumwona daktari, kubadilishiwa dawa kwa usalama au kuomba kibali na kupata jibu. Siku ya kwanza atasimama kwenye tii akiwa ametibiwa, akijua kilichomo mwilini mwake na alichokitilia saini.

Mpenzi wa gofu,
Nairobi